Kupunguza kelele za tustroki bila kuua injini: ninavyofanya kwenye DT175

Wateja wengi wanaoniletea tustroki (pikipiki ya injini ya mipigo miwili) yenye kelele huanza na swali moja: "Fundi, kopo jipya la eksozi ni bei gani?" Nawaambia kopo tutalizungumza baadaye, kwanza tujue kelele inatoka wapi. Yuko mtu aliyenunua kopo la aluminiamu kwa bei ya mbuzi wawili wanono, akalifunga, na pikipiki ikaendelea kusikika kijiji cha pili. Tatizo lilikuwa gasketi ya kwenye blogi (silinda ambamo pistoni hupanda na kushuka), ilikuwa imeliwa upande mmoja.

Gereji yangu iko Usa River, kwenye barabara ya Arusha kwenda Moshi. Tustroki ninazozishika ni Yamaha DT125 na DT175 zilizobaki kwenye miradi, misheni na idara za mifugo, mara mojamoja AG100 au Suzuki TF125, na vijana wachache wenye YZ125 au KTM za mashindano. Nitaeleza zaidi kwa DT175, ila nikifika mahali ambapo za mashindano ni tofauti nitasema.

Na usidhani anayetaka pikipiki tulivu ni mzee aliyechoka. Mteja wangu mmoja ni daktari wa mifugo anayezunguka maboma ya Longido. Alikuwa akifika, ng'ombe wa kuchanja wameshatawanyika kwa ule mlio, vijana wa boma wanaanza kazi ya kuwarudisha. Mwingine ni mchungaji wa kanisa huko juu mlimani. Mwalimu wa kwaya akisikia DT inapanda kilima anaanzisha wimbo, maana anajua baba mchungaji yuko dakika kumi nyuma. Yule wa kwaya hakulalamika, lakini mke wa mchungaji alilalamika.

Kwa nini inalia hivyo

Injini ya mipigo minne ina vavu ya moshi inayofunguka kwa kufuata kemu (mhimili unaoisukuma vavu). Tustroki haina. Pistoni ikishuka inafunua tundu kwenye ukuta wa blogi, na gesi ambayo bado ina presha inafyatuka kwa ghafla. Tena inafyatuka kila krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni) inapozunguka mara moja, wakati ya mipigo minne hupumua kila baada ya mizunguko miwili. Krenki ikienda mizunguko 6,000 kwa dakika, huo ni mfyatuko 100 kila sekunde. Ndiyo maana mlio wake ni mwembamba na mkali, unaopenya mpaka chumbani.

Baada ya blogi kuna chemba, lile bomba lililovimba tumboni. Watu huidhani ni bomba la kupitishia moshi tu, wanaigonga nyundo, wanaikata, wanaifupisha. Chemba ni sehemu ya injini. Ule mwembamba wake wa nyuma unarudisha wimbi la presha hadi kwenye tundu la moshi na kusukuma ndani petroli mbichi iliyotaka kutoroka kabla pistoni haijafunga. Mjerumani Walter Kaaden wa kiwanda cha MZ, Ujerumani Mashariki, ndiye aliyeiboresha sana kazi hiyo miaka ya 1950, na dereva wake Ernst Degner alipotoroka mwaka 1961 alikwenda nao ujuzi huo Suzuki. Yaani nchi zilinyang'anyana umbo la bomba. Wewe usilibadilishe kwa nyundo.

Mwisho wa chemba kuna bomba jembamba, nami naliita mkia. Upana wake ndio unaoamua presha ndani ya chemba. Halafu ndipo linakuja kopo la nyuma, ambalo kazi yake ni sauti peke yake. Kwa hiyo ukitaka kupunguza kelele bila kupoteza nguvu, fanya kazi kuanzia kwenye kopo kwenda nyuma, na kuanzia kwenye chemba kwenda mbele ziba tu panapovuja.

Sikiliza kabla ya kufungua

Chukua simu, weka programu yoyote ya kupima desibeli. Namba zake si za kuapia, lakini simu ileile mahali palepale inakuonyesha tofauti ya kabla na baada, na hiyo ndiyo tunayoitaka. Mimi naiweka nusu mita kutoka mdomo wa kopo, kimo sawa na mdomo, upande kwa nyuzi 45 ili moshi usiipige. Injini iwe imepata moto, gia huru, na msaidizi ashike resi nusu ya ile ya mwisho. Kwa mtindo huohuo, jimbo la California huko Marekani linaruhusu mwisho desibeli 96 kwa pikipiki za porini zilizotengenezwa kuanzia 1986, na 101 kwa zilizotangulia. Ukiifikisha DT yako kwenye 90 na kitu unaweza kuingia nayo mtaani usiku bila kulaaniwa.

Kumbuka hesabu za desibeli si za kujumlisha kawaida. Ukishusha 3, umeondoa nusu ya nguvu ya sauti ingawa sikio linaona ni kidogo. Ukishusha 10, sikio ndipo linasema kelele imepungua nusu. Kwa hiyo kupata 2 hapa na 3 pale ndiyo kazi yenyewe, usikate tamaa.

Baada ya simu, chukua kipande cha mpira wa maji, urefu wa mita moja hivi. Ncha moja sikioni, nyingine izungushe polepole karibu na pikipiki inayounguruma: kwenye flanji ya blogi (pale eksozi inapoungwa na blogi), maungio ya chemba na kopo, boksi la hewa, kifuniko cha klachi. Usiguse cheni wala kitu cha moto. Utashangaa jinsi panapovuja panavyojitangaza.

Zima uvujaji kwanza

Eksozi inayovuja hujionyesha kwa mafuta meusi. Popote unapoona michirizi ya weusi unaonata, gesi inapita hapo, na sauti inapita nayo. Kipimo changu ni hiki: injini ikiwa baridi, iwashe, vaa glavu nene, kisha ziba mdomo wa kopo kwa kitambaa kilicholoa kwa sekunde chache tu. Kama eksozi iko nzima, injini inakabwa na kuzima. Kama inavuja, itaendelea kuunguruma na utasikia "fsss" mahali fulani. Usiifanye injini ikiwa ya moto, na using'ang'anie.

Kwenye DT flanji hukazwa kwa nati kwenye stadi za blogi. Toa gasketi ya zamani yote, kwangua kaboni mpaka uone chuma, weka mpya. Gasketi ya kukata kwa karatasi ya boksi la sabuni haina wiki mbili. Kama flanji imepinda, isugue juu ya msasa uliolazwa kwenye kioo mpaka ilale sawa. Kwenye YZ na KTM hakuna gasketi ya namna hiyo, kuna oringi (pete ya mpira) ndani ya mdomo wa chemba na springi za kuvuta. Oringi hizo ni za kuhimili joto, za maduka ya mabomba ya maji zitaungua siku hiyohiyo.

Kwenye maungio ya chemba na kopo kuna mpira na klempu. Mpira ukishakuwa mgumu, badilisha. Ukikosa, paka silikoni ya joto kali, ile nyekundu au ya rangi ya shaba, funga, na uiache mpaka kesho yake kabla ya kuwasha. Wateja wangu wengi hawawezi kusubiri hiyo kesho, ndipo silikoni inatemwa nje ikiwa mbichi.

Springi za eksozi nazo hulia, tena hukatika kwa kutetemeka. Paka mstari wa silikoni juu ya mizunguko yake, ikikauka springi inanyamaza na inadumu.

Kopo la nyuma

Hapa ndipo penye faida kubwa, na ndipo watu wanapoharibu zaidi. Makopo ni ya aina mbili. La kwanza ni la kiwandani la DT, la chuma, lenye vyumba ndani na bomba dogo la kutokea linalochomoka. La pili ni la aluminiamu lililofungwa kwa riveti, lenye bomba la matundu katikati na pamba ya kioo kulizunguka.

Kama kopo lako la kiwandani liko zima, usiliache. Hakuna kopo la dukani la DT nililowahi kulisikia likiwa tulivu kuliko la kiwanda chenyewe. Tatizo ni kwamba mengi yameshatobolewa na vijana waliotaka "mlio wa mashindano", na mengine yamejaa kaboni. Lililojaa kaboni lisafishe hivi: fungua boliti ndogo ya mkiani, chomoa lile bomba la ndani kwa plaizi ya kung'ata, ukilizungusha kushoto na kulia huku ukivuta. Likigoma, tia mafuta ya kupenyeza, likae usiku. Likishatoka lisugue kwa brashi ya waya.

Ndani ya kopo penyewe natumia kostiki soda, ileile wanayonunua watengeneza sabuni sokoni. Nusu kilo kwa lita 5 za maji. Soda ndiyo inayotiwa kwenye maji, kidogokidogo. Usimwage maji juu ya soda, itakurukia usoni. Miwani, glavu, mahali pa wazi, watoto mbali. Ziba upande mmoja wa kopo kwa kizibo cha mti, mimina, acha mpaka asubuhi, kisha suuza kwa maji mengi mpaka yatoke meupe. Rangi ya nje itabanduka, kwa hiyo utapaka upya rangi ya joto. Na hii ni kwa chuma tu. Kostiki na aluminiamu ni maadui: inalila kopo huku ikitoa gesi ya haidrojeni inayoshika moto. Usijaribu.

Kopo la aluminiamu linahitaji kubadilishwa pamba. Pamba ya kioo hunyonya sauti kwa sababu ina hewa katikati ya nyuzi. Tustroki inatema mafuta yasiyoungua, yanailowesha, baadaye inakuwa ngumu nyeusi, na hapo kopo linabaki bomba tupu. Vijana wa mashindano wabadilishe kila baada ya saa 15 hadi 20 za kuendesha. Wa safari za kawaida wanaweza kwenda muda mrefu zaidi. Ishara ni mlio kugeuka kutoka mzito kwenda mkali.

Kabla ya kufungua, chora mstari kwa msumari kutoka kwenye kopo kwenda kwenye kifuniko ili urudishe kilivyokuwa. Toboa vichwa vya riveti kwa drili yenye ncha sawa na riveti, nyingi ni milimita 4.8. Vichwa tu, usipanue tundu. Gonga kifuniko kwa kipande cha mbao. Kikigoma, lisimamishe kopo kwenye maji ya moto. Lile gundi ni mafuta yaliyoganda, yatalegea. Usitumie moto wa gesi kwenye kopo lililolowa mafuta.

Pamba ya zamani itoe kwa waya uliopindwa. Vaa barakoa na mikono mirefu, nyuzi za kioo zinawasha ngozi na hazina kazi yoyote kifuani mwako. Usiichome jikoni wala nyuma ya gereji. Ifunge kwenye mfuko, itupe.

Bomba la matundu liloweke kwenye dizeli, lisugue, halafu liangalie dhidi ya mwanga. Matundu yote yawe wazi. Hapa watu wanapita haraka na ni kosa: pamba mpya juu ya bomba lililoziba matundu ni sawa na kutofanya kitu, sauti haiwezi kuifikia pamba. Chukua msumari mwembamba, kaa kitini, zibua moja baada ya jingine. Ni kazi ya kumpa mwanafunzi wa gereji, ila ikague mwenyewe.

Pamba gani? Bora ni ile inayouzwa kwa kazi ya eksozi, ya nyuzi ndefu. Ukiagiza Dar es Salaam au Nairobi itafika na basi. Ukikosa, mafundi wa majiko ya umeme na majokofu ya hoteli huwa na pamba nyeupe ya kuzungushia oveni, hiyo inafaa. Pamba ya dari, ile ya njano au ya waridi yenye gundi, inaungua na kupeperuka ndani ya muda mfupi. Stilwaya ya kusugulia sufuria ya chuma cha kawaida inaoza kwa kutu. Lakini ile isiyoshika kutu, ya nyuzi nene za kung'aa, ni nzuri sana kama tabaka la kwanza: izungushe kwenye bomba la matundu, halafu pamba ya kioo juu yake. Inakinga pamba isinyonywe nje na kuungua.

Zungusha pamba sawasawa mpaka unene ukaribie upana wa kopo, kisha ifunge kwa uzi wa pamba au utepe wa karatasi wenye gundi; vitaungua baadaye vyenyewe. Ukibonyeza kwa kidole gumba inapaswa kurudi. Ikiwa imeshindiliwa mpaka haibonyei, hewa imetoka na sauti inapita. Ikiwa imelegea, itarundikana upande mmoja. Kuiingiza ndani bila kuivuruga, kata chupa kubwa ya plastiki iwe karatasi, izungushie pamba, sukuma vyote ndani, halafu vuta plastiki itoke. Paka silikoni kwenye ukingo wa vifuniko vyote viwili, piga riveti za chuma badala ya za aluminiamu laini. Ukiwasha mara ya kwanza itatoa moshi wenye harufu ya karatasi, usiogope.

Kwa DT ambayo kopo lake la kiwandani limekatwa vibaya, natengenezesha la kuchomelea. Bomba la ndani liwe na upana uleule wa mkia wa chemba au uzidi kidogo, kamwe usipungue. Matundu ya milimita 3 yaliyobanana, urefu wa sentimita 30 hadi 35, kopo la nje upana wa sentimita 9. Kopo refu hunyamazisha kuliko fupi, ndiyo sababu yale mafupi ya kupendeza ya mashindano yanalia vile. Mdomo wake naupinda kidogo kuelekea chini na nyuma, maana ule mlio mwembamba huenda unakoelekezwa.

Usizibe

Kila mwezi analetwa mgonjwa wa namna hii: mtu amekata kopo la maziwa ya unga, au ameweka nati kubwa kwenye mdomo wa eksozi, au amechomelea bati lenye tundu moja. Kelele imepungua kweli. Wiki chache baadaye pistoni imetoboka katikati. Mkia wa chemba ukibanwa, gesi ya moto inabaki ndani, blogi inachemka, oili inashindwa, pistoni inavimba na kushika. Vipo vipunguza sauti vilivyotengenezwa kwa ajili ya kopo fulani na kufungwa mwishoni mwake, hivyo ni habari nyingine. Kanuni ya gereji yangu ni kwamba kelele inanyonywa, haizibwi.

Wako pia wanaoizungushia chemba kitambaa cha joto. Siwashauri. Gesi ndani inakuwa ya moto zaidi na lile wimbi la kurudi linabadilisha wakati wake, halafu mvua ikinyesha kitambaa kinashika maji na chemba inaoza bila wewe kuona.

Chemba, boksi la hewa na mapezi

Ukuta wa chemba ni bati jembamba, nao unalia kama kengele. Gonga kwa kifundo cha kidole utasikia. Tiba yake ni mipira ya kushikia: kila boliti inayoshika chemba kwenye fremu iwe na mpira wake mzima na bushi yake. Mipira ikiisha, chemba inapiga fremu na fremu nzima inaimba. Kwa kukosa ya dukani nakata mpira wa tairi la gari, ule mgumu, si wa tyubu. Kingao cha plastiki kinachobana chemba za mashindano nacho hupunguza mlio, ingawa kiliwekwa kwa ajili ya mawe.

Boksi la hewa watu hulisahau kabisa. Tustroki inavuta hewa kwa kukoroma, na ukiendesha ukasikia "boooh" chini ya kiti kila ukivuta mafuta, hiyo si eksozi. DT nyingi zimetobolewa boksi na mtu aliyedhani anaongeza nguvu, au kifuniko kimepotea. Ziba matundu yale kwa kipande cha plastiki na riveti, rudisha kifuniko, paka grisi kidogo kwenye ukingo wa chujio ili likae bila kupitisha vumbi. Sponji ioshwe na kutiwa oili ya chujio. Sponji kavu inapitisha vumbi na sauti vyote viwili. Angalia pia mpira kati ya kabureta na blogi. Ukipasuka, hewa ya wizi inaingia, mchanganyiko unakuwa mwepesi na injini inapata joto. Nyunyiza maji ya sabuni hapo ikiunguruma. Resi ikibadilika, umempata mwizi.

Kwenye injini zinazopozwa kwa hewa, mapezi ya blogi na hedi nayo yanatetemeka na kutoa mlio wa chuma, "zing", hasa kwenye resi ya kati. Yamaha waliweka vipande vya mpira katikati ya mapezi kwa sababu hiyohiyo. Kwenye pikipiki zetu vimekauka na kudondoka zamani. Nakata mpira wa petroli wa unene unaobana, vipande vya sentimita mbili, nasukuma katikati ya mapezi, viwili vitatu kila upande. Usijaze, hewa lazima ipite. Gharama yake haifiki soda mbili, na ni marekebisho ambayo wateja huyatambua kabla sijawaambia.

Vyuma vya ndani

Hapa naenda haraka kwa sababu dawa ni kufungua injini. Mgongano mkavu injini ikiwa baridi unaopungua ikipata moto ni pistoni inayopiga ukuta wa blogi. DT175 ina blogi ya milimita 66. Nafasi kati ya pistoni na ukuta ikizidi milimita 0.1 naipeleka kuchongwa na kuweka pistoni ya saizi inayofuata, 66.25 na kuendelea. Kelele inayopotea ukibana klachi iko kwenye basketi ya klachi. Mlio mkali wa juu, "tiki-tiki" unaofuata resi na usiopungua kwa joto, shuku beringi ya pini ya pistoni. Huo usiusafirie mbali. Ukisikia kama changarawe zinagonga kwenye kilima ukiwa umevuta mafuta mengi, ni mlipuko usio wa wakati wake: angalia taimingi, petroli, na kama mchanganyiko umekuwa mwepesi.

Na cheni. Nusu ya "kelele za injini" za DT iliyochakaa ni cheni kavu inayokwangua swingamu (mkono unaoshika gurudumu la nyuma) kwa sababu plastiki ya kuteleza imekwisha. Weka plastiki mpya, tia oili, rekebisha ulegevu kama kitabu kinavyosema ukiwa umekaa juu.

Mafuta, gia na mkono

Arusha iko kwenye mita kama 1,400 juu ya bahari. Hewa yetu ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 10 kuliko ya Dar es Salaam, na pikipiki iliyotoka pwani na jeti zake (vitundu vya kabureta vinavyopima petroli) inakunywa petroli kupita kiasi huku. Matokeo yake plagi nyeusi, moshi, na mafuta meusi yanayolowesha ile pamba yako mpya. Shusha jeti kubwa saizi moja kwanza, ujaribu. Pampu ya oili ya DT nayo ikague kebo yake na alama zake, wengine wameilegeza ikamwaga oili kama ya injini mbili. Lakini usiipunguze chini ya alama ili kuondoa moshi, utanunua blogi. Kwa wanaochanganya wenyewe, 1 kwa 40 ni mililita 25 kwa lita. Fuata uwiano wa kitabu cha pikipiki yako na upime kwa kipimo, si kwa kifuniko cha chupa.

Yule daktari wa mifugo nilimwongezea jino moja sproketi ya mbele. Kutoka 14 kwenda 15, resi inapungua karibu asilimia 7 kwa mwendo uleule, na DT ina nguvu ya chini ya kutosha kubeba hilo. Akikaribia boma anapanda gia mapema, anaachia mafuta, anaingia taratibu. Ng'ombe wanabaki wamesimama.

Ukishaziba matundu ya hewa na ya moshi, mchanganyiko wa petroli lazima utabadilika, kwa hiyo kazi haijaisha mpaka umesoma plagi. Weka plagi mpya, kimbia kilomita chache kwenye kilima ukiwa umevuta mafuta, zima injini hapohapo na klachi imebanwa, fungua. Rangi ya kahawa ni sawa. Nyeupe ni hatari, rudisha jeti saizi moja juu kabla hujaenda popote. Nyeusi yenye unyevu, shusha. Kisha pima tena na ileile simu, mahali palepale. Na zile nati za flanji uzikaze mara nyingine baada ya safari ya kwanza ndefu, injini ikiwa imepoa, kwa sababu gasketi mpya hulala.